Old Sarum: jimbo la Uingereza lililokuwa na wabunge wawili na halina watu, ilikuwaje?

Kijana wa Kibokoni

Asalaam aleikum wadau, na habari za jioni kwa wote. Nina swali la historia na nataka mtu anaejua kikweli anijibu kwa urefu, nitasoma yote hata kama ni marefu vipi.

Hapa barazani kwetu ule mjadala wa mipaka ya majimbo umerudi, na ukirudi huwa hauishi usiku mmoja. Hesabu ya 2019 Mombasa tulikuwa watu 1,208,333 na wabunge ni wale wale sita, Mvita, Nyali, Kisauni, Likoni, Changamwe na Jomvu, ukigawanya ni kama watu laki mbili kwa mbunge mmoja. Kenya nzima ni watu milioni 47 na nusu kwa majimbo 290, yaani kama laki moja na elfu sitini na nne kila jimbo. Lamu wako 143,920 na wana wabunge wawili. Mimi nkasema huu ni uonevu, mtu wa Kisauni kura yake imekuwa nyepesi. Sasa kuna mzee mmoja tunamheshimu sana pale, alikuwa amenyamaza anakunywa kahawa yake, akasema nyinyi mnalia na Lamu, huko Uingereza kwenyewe walikotuletea hili bunge kulikuwa na jimbo linaitwa Old Sarum, kilima kitupu, nyasi na kondoo, hapana nyumba, hapana duka, hapana hata kinyozi, na kilima hicho kilipeleka wabunge wawili London kwa mamia ya miaka. Na Manchester mji mzima wa viwanda haukuwa na hata mmoja.

Adhana ikaadhiniwa watu wakatawanyika na mimi nkabaki na maswali. Nimetafuta kwenye intaneti nikapata majina na miaka lakini sielewi ile hali yenyewe. Jimbo litakuwaje na wabunge na watu hakuna? Nani alikuwa akipiga kura? Akipigia wapi? Na Waingereza wenyewe walikubali vipi jambo kama hili mpaka likafika miaka yote hiyo, na liliondolewa na nani? Mwenye ilimu anisaidie, shukran.

Mswahili wa Sparki

Mzee wako kasema kweli tupu. Na halikuwa peke yake. Kuna jingine linaitwa Dunwich, pwani ya mashariki huko Suffolk, hilo lilimezwa na bahari. Lilikuwa mji wa bandari mkubwa wa kuheshimika, dhoruba za kuanzia 1286 zikaanza kula mji na mchanga ukaziba bandari, makanisa yakaporomoka moja baada ya jingine, hata kanisa lao la mwisho la zamani liliangukia baharini mwanzoni mwa karne ya 20. Na mji unavyoliwa wabunge wawili wako pale pale. Walipokuja kuliondoa 1832 wapiga kura walikuwa 30 na kitu.

Mwalimu wa Tudor

Mwanangu wa Kibokoni, nimefurahi kuona kuna vijana bado wanauliza mambo haya. Nimefundisha historia mpaka nimestaafu na Old Sarum nilikuwa silikosi darasani, manake mwanafunzi akilielewa hili jimbo basi siasa za Waingereza za zamani zote zinamfungukia. Kaa kitako.

Kwanza usifikirie kwamba palikuwa patupu tangu mwanzo. Palikuwa na mji. Ni kilima kusini mwa Uingereza, Wiltshire, watu wa kale walikizungushia tuta na handaki kabla ya Warumi, halafu Wanormani walipoiteka nchi 1066 wakajenga ngome juu yake na kanisa kuu ubavuni mwa ngome. 1086 Mfalme William aliwakusanya wakubwa wa nchi hapo hapo wakala kiapo cha utii kwake, kwa hivyo pahala palikuwa na hadhi. Lakini kukaa kilimani kuna tabu zake. Kanisa lilifunguliwa 1092 na siku chache tu baadae dhoruba ikaliharibu, maji ya kunywa ni shida, na askari wa ngomeni na makasisi wa kanisani walikuwa hawaelewani kabisa na wanaishi ukuta kwa ukuta. Askofu Richard Poore mwisho akachoka, 1220 akaanza kujenga kanisa jipya chini bondeni kando ya mto na watu wakamfuata huko kwenye maji. Huo ndio mji wa Salisbury mpaka leo, na kilima kikaitwa Old Sarum, Sarum ya kale.

Sasa 1295 Mfalme Edward wa kwanza akaita bunge na miji ikaambiwa kila mmoja ulete watu wawili. Old Sarum nayo ikatajwa, ingawa ushaanza kuhamwa. Na Uingereza ya wakati ule kitu kikishakuwa haki ya zamani hakiguswi. Mji ukazidi kuisha, ngome ikabomoka mawe yakachukuliwa yakajenga kwengine, haki ya wabunge wawili ikabaki imekaa kwenye karatasi.

Umeuliza nani alipiga kura. Kila mji wenye wabunge ulikuwa na kanuni zake, pengine walipiga wanaolipa kodi fulani, pengine madiwani tu, hakukuwa na sheria moja ya nchi nzima. Old Sarum kura ilishikana na viwanja. Ile mitaa ya mji wa zamani ilikuwa imegawanywa viwanja, na mwenye hati ya kiwanja ndie mwenye kura. Nyumba ikianguka kiwanja kinalimwa, kinalishwa kondoo, na kura iko pale pale ndani ya hati. Kwa hivyo mtu mwenye pesa akivinunua vile viwanja vyote amenunua uchaguzi mzima. Uchaguzi ukikaribia anawaandikia marafiki zake na watu wake wa karibu hati za viwanja kwa muda, wanakuja wanapiga kura, wakimaliza wanamrudishia hati zake. Mwaka 1831 wapiga kura kwenye karatasi walikuwa 11 na wote walikuwa wanaishi kwengine.

Na walipigia wapi? Chini ya mti. Kulikuwa na mti mkubwa shambani, wenyewe wakiuita mti wa bunge, siku ya uchaguzi inapigwa hema pale, msimamizi ambae ameteuliwa na mwenye ardhi anasoma amri ya mfalme ya kuitisha uchaguzi, anasoma na sheria ya kukataza rushwa, halafu anauliza wagombea ni kina nani. Wanatajwa wawili. Hapana mpinzani. Wanatangazwa wamechaguliwa watu wanakwenda kula. Hebu fikiria, sheria ya kukataza rushwa ikisomwa kwa sauti mbele ya watu ambao hati zao ni za kuazimwa!

Sasa wenyewe walikuwa kina nani. Mwishoni mwa karne ya 17 kilima kikaingia mikononi mwa Thomas Pitt, mfanyibiashara aliekuja kuwa gavana wa Madras kule India. Huyu alinunua almasi kubwa sana huko India, ya karati 410 kabla haijakatwa, akaiuza 1717 kwa mtawala wa Ufaransa kwa pauni 135,000, na almasi hiyo iko kwenye makumbusho ya Louvre mpaka leo. Mjukuu wake William Pitt aliingia bungeni mara ya kwanza 1735 kwa tiketi ya Old Sarum, kiti hicho alikuwa nacho kakake na kakake akachagua kukalia kiti chengine, basi mdogo akarithishwa kama mtu anavyorithishwa kanzu. Huyo William Pitt ndie aliekuja kuongoza Uingereza kwenye vita vya miaka saba na Ufaransa. Na ajabu ni kwamba 1766 yeye mwenyewe alisimama bungeni akasema haya majimbo ndio sehemu iliyooza ya katiba yao na hayatamaliza karne. Yalimaliza miaka 66 mengine.

Liliondolewa vipi nitakuja kueleza, macho yamechoka na simu hii.

Binti Majengo

Mwalimu Mungu akupe afya, nimesoma nikasimamisha kazi. Mimi nataka kusema kitu kwa sababu hii habari ya viwanja imenigusa pahala. Sisi wa Majengo na Kongowea na mitaa mingi ya hapa tunajua nyumba bila ardhi ni nini. Nyumba ni yako, umejenga mwenyewe, mabati umeezeka mwenyewe, vyoo umechimba, lakini kiwanja kina mwenyewe na kila mwezi unampelekea kodi ya ardhi na akiamua kuuza unauziwa na nyumba yako juu. Bibi yangu alikaa kwenye nyumba yake mpaka amekufa na hakuwahi kumuona mwenye kiwanja, anaekuja ni mkusanyaji tu na kitabu chake cha risiti, anaandika jina, anachana, anapita nyumba ya pili.

Old Sarum ni kinyume chetu kabisa, wao kiwanja kina haki na nyumba hakuna, sisi nyumba imejaa watu na kiwanja hakitujui. Lakini nikifikiria naona ni ugonjwa mmoja, hati imewekwa mbele ya binadamu. Tofauti ni kwamba leo mimi mpangaji wa ardhi napiga kura sawa na mwenye ardhi, na hiyo si kitu kidogo. Ingekuwa kura ya Kenya inafuata hati kama hiyo ya kwao basi Majengo nzima ingepigiwa kura na watu labda watano ambao hata hawakai Mombasa.

Kijana wa Kibokoni

Dada Binti hapo umenena, nimekusoma mara mbili. Mwalimu tunakusubiri usitutoroke.

Swali dogo kabla hajarudi, kuna mtu yeyote hapa aliefika hapo mahali? Naona ndugu zetu wengi wako Uingereza.

Baharia wa Southampton

Mimi nimefika kaka. Mzaliwa wa Likoni, nafanya kazi za meli huku, na kutoka hapa Southampton mpaka Salisbury ni treni nusu saa hivi. Nilikwenda kwa sababu wageni wangu walitaka kuona kanisa kuu, halafu dereva wa teksi ndie aliesema hebu niwapeleke na kule juu.

Ukikaribia unaona kama sinia kubwa limefinikizwa juu ya mashamba, kijani tupu. Unavuka handaki la nje unakuta eneo kubwa la nyasi, watu wanatembeza mbwa, halafu kuna handaki la pili la ndani, hilo ni la kina kirefu haswa, wamelijengea daraja la mbao, ukisimama katikati ya daraja ukatizama chini unaelewa kwa nini adui alikuwa hasogei. Ndani ni kuta za ngome zilizobaki, mawe madogo madogo yamegandana na chokaa, yale mawe mazuri ya kuchongwa ya nje yamebanduliwa yote zamani yakaenda kujenga kwengine, kwa hivyo unaona ukuta kama umechunwa ngozi. Mtu wa Mombasa ukiona mawe vile unakumbuka Fort Jesus lakini hii ni gofu, haina paa hata moja.

Kanisa la zamani liko upande wa chini yake na limebaki msingi tu, wamelichora kwenye nyasi kwa mawe ya usawa wa ardhi ili uone lilivyokuwa, unatembea ndani ya kanisa na hakuna kanisa. Na ukisimama kwenye tuta la nje ukatizama kusini unauona mnara wa kanisa jipya la Salisbury umechoma juu, wa mita 123, ndio mrefu kuliko wote Uingereza. Upepo ulikuwa unanitoa machozi na ilikuwa mwezi wa sita, hapo nikawaelewa wale makasisi. Yaani unasimama pale unaona kwa macho yako, watu walikwenda kule chini na kura zikabaki huku juu.

Niliwauliza wale wafanyikazi wa pale mti wa bunge uko wapi wakaniambia haupo tena, ulikatwa mwanzoni mwa karne ya 20, na ulikuwa nje ya tuta, chini shambani.

Mtu wa Faza

Nimevumilia kusoma mpaka hapa lakini nilazima niseme. Msitufananishe watu wa Lamu na hicho kilima. Kijana wa Kibokoni umeanza na Lamu kama mfano wa uonevu, sasa hebu nikwambie, Lamu Mashariki sisi tupo. Tuna Faza, Kizingitini, Siyu, Pate, Ndau, Kiunga mpaka mpakani na Somalia, watu hai, wavuvi, watoto wanakwenda shule. Mbunge kutoka Faza kwenda Kiunga ni safari ya boti na bahari ikichafuka haendi. Ukitumia hesabu ya vichwa peke yake utatuunganisha na Garissa au Tana River halafu nani atakuja kutuuliza shida zetu? Katiba yenyewe kifungu cha 89 imelijua hilo, imesema jimbo linaweza kupita au kupungua wastani kwa asilimia 40 kwenye miji mikubwa na sehemu zenye watu waliotawanyika, na asilimia 30 kwengine, na imetaja jiografia, historia, utamaduni na njia za mawasiliano. Nakubali Mombasa mnastahili zaidi, 2012 mlitoka majimbo manne mkapata sita, Jomvu ikatolewa Changamwe na Nyali ikatolewa Kisauni, na mji umekua tena tangu hapo. Daini haki yenu. Lakini daini kwa kuongezewa, sio kwa kutufuta sisi.

Na kama mnataka Old Sarum ya kwetu hapa Pwani tafuteni wakati wa mkoloni. Baraza la kutunga sheria lilianza 1907, Mwafrika wa kwanza kuingia ni Eliud Mathu 1944, na yeye aliteuliwa hakuchaguliwa. Uchaguzi wa kwanza wa Waafrika ni Machi 1957, viti vinane nchi nzima, na Pwani yote tukapewa kiti kimoja, akashinda Ronald Ngala. Kimoja! Kutoka Lamu mpaka Vanga mpaka Taveta mtu mmoja, na yule mtu hana gari la serikali wala helikopta. Na kura yenyewe ilikuwa kwa masharti, uwe na elimu kiasi fulani au mali au kipato au utumishi, na mwenye sifa zaidi anapiga kura mpaka tatu. Walowezi wakati huo walikuwa wachache mno na wana viti vyao vingi. Babu yangu alikuwa na jahazi na wafanyikazi, alihesabika, lakini mabaharia wake hawakuhesabika.

Kijana wa Kibokoni

Ndugu wa Faza nakusikia na sikuwa na nia mbaya kwa Lamu wallahi, mamangu mwenyewe kwao Amu. Nimeona hoja yako, jimbo dogo lenye watu si sawa na jimbo lenye mwenyewe. Hili la kura tatu kwa mtu mmoja nilikuwa silijui kabisa.

Mwalimu ukirudi nina la kuongeza. Hawa wenye viwanja walipoondolewa, walilipwa? Manake mtu kanunua kwa pesa zake, hakukubali bure bure.

Mwalimu wa Tudor

Nimerudi. Swali la malipo ni swali zuri kuliko yote na litanipeleka mbali, lakini kwanza niwamalizie mwenye kilima wa mwisho manake yeye anatuhusu Waafrika moja kwa moja.

1802 ukoo wa Pitt uliuza Old Sarum. Aliyenunua ni lodi wa Caledon, Du Pre Alexander, kijana ambae babake alitajirika India, na bei inatajwa pauni 60,000. Ile ardhi yenyewe kwa kilimo na kodi ilikuwa haifikishi zaidi ya pauni 700 kwa mwaka, kwa hivyo mnaona wenyewe alichonunua ni nini. Miaka michache baadae lodi huyu huyu akapelekwa kuwa gavana wa Rasi, Afrika Kusini, 1807 mpaka 1811. Ule mto Caledon pale mpakani mwa Lesotho na Afrika Kusini umeitwa kwa jina lake. Na Novemba 1809 akatoa amri kwamba Wakhoikhoi, wenyeji wa huko, wote wawe na makao yaliyoandikishwa na wakisafiri wabebe pasi, asiekuwa na pasi anakamatwa kama mzururaji. Sheria za pasi zilizowatesa watu kule mpaka wakati wa ubaguzi zina mizizi hapo, na kile kipande, kitambulisho cha mkoloni ambacho babu zetu walitundikwa shingoni, ni cha ukoo huo huo. Basi mtu anamiliki kilima hakina mtu na kinampa sauti mbili London, na huku Afrika anawaambia wenye nchi yao wasitembee bila karatasi. Wabunge wa mwisho wa Old Sarum walikuwa jamaa zake, James Alexander na Josias Du Pre Alexander, pesa zao nao za India.

Kuondolewa kwake. Watu walilia miaka mingi. Tarehe 16 Agosti 1819 watu kama 60,000 walikusanyika Manchester kudai wabunge, wakavamiwa na askari wa farasi kwa mapanga, wakafa watu wapatao 15 na mamia wakaumia. Waziri mkuu Earl Grey akaleta mswada 1831, bunge la chini ukapita hatua ya pili kwa kura 302 kwa 301, kura moja tu! Ulipoletwa upya baada ya uchaguzi, malodi, yaani wakubwa wa bunge la juu ambao hawachaguliwi, wakaukataa Oktoba kwa tofauti ya kura 41 na nchi ikawaka moto, kasri la Nottingham likachomwa, Bristol ikachafuka siku tatu. Mwisho mfalme ikabidi akubali kutishia kuongeza malodi wapya mpaka wanaokataa wazidiwe, wakalegea, na 7 Juni 1832 ikawa sheria. Majimbo 56 yakafutwa kabisa, Old Sarum na Dunwich yakiwemo, mengine 30 yakapunguziwa mbunge mmoja, na Manchester, Birmingham, Leeds na Sheffield zikapata wabunge wawili wawili.

Sasa malipo. 1785 William Pitt mdogo, mtoto wa yule wa kwanza, alipendekeza majimbo 36 yanunuliwe na serikali kwa mfuko wa pauni milioni moja, bunge likakataa. Ireland ilipounganishwa na Uingereza 1800 wenye majimbo yaliyofutwa kule walilipwa kweli, pauni 15,000 kila jimbo, jumla pauni 1,260,000. Lakini 1832 wenye Old Sarum na wenzake hawakupewa hata ndururu. Serikali ilishikilia kwamba kura ni dhamana ya umma na dhamana hailipiwi fidia. Mimi naona hiyo ndio hukumu kubwa kuliko hata kufutwa kwenyewe.

Halafu angalieni mwaka uliofuata. Wenye mashamba ya watumwa ya visiwa vya Karibi walikuwa na watu wao wengi bungeni kupitia viti kama hivi vya kununua. Viti vikapotea, na 1833 bunge jipya likapitisha sheria ya kukomesha utumwa. Hapo wenye watumwa wakalipwa pauni milioni 20 na watumwa wenyewe hawakulipwa kitu. Na hapa kwetu Pwani 1907 serikali ya kikoloni ilipofuta utumwa kisheria ikafuata njia ile ile, fidia ikaenda kwa mabwana. Kwa hivyo mwanangu, walijua kukataa kulipa pale walipotaka.

Binti Majengo

Mwalimu hili la fidia limeniuma rohoni. Naomba niulize la mwisho, hiyo sheria ya 1832 wanawake waliingizwa? Na watu wa kawaida kama mafundi na wapagazi wa bandarini?

Mwalimu wa Tudor

Hapana binti yangu. Mijini walipewa wanaume wenye kumiliki au kupanga nyumba ya thamani ya pauni 10 kwa mwaka, ilipomalizika Uingereza na Wales mwanamume 1 kati ya 5 hivi ndie alikuwa na kura. Wafanyikazi waliopigwa panga Manchester wengi wao hawakupata kitu, na ndio maana madai yaliendelea miaka mengine mingi. Wanawake ndio ilikuwa mbaya zaidi, manake 1832 ni mara ya kwanza sheria ya uchaguzi kuandika wazi kwamba mpiga kura ni mwanamume. Waliingizwa 1918 kuanzia miaka 30 na kwa masharti, wakawa sawa na wanaume 1928. Na kura ya siri ilikuja 1872, kabla ya hapo ulitamka jina la mgombea wako kwa sauti mbele ya mwenye nyumba yako na tajiri wako.

Mtu wa Faza

Kwa hivyo wao wenyewe kutoka kilima kile mpaka wanawake na wanaume wote wazima kuwa na kura iliwachukua miaka 96 tangu 1832, na sisi 1957 wakatwambia hatujawa tayari.

Kijana wa Kibokoni

Shukran sana mwalimu na nyote. Naichapisha hii nzima kesho naipeleka barazani, na la fidia nitalisoma mimi mwenyewe kwa sauti. Baharia, kama una picha za lile handaki na ule msingi wa kanisa ziweke hapa tafadhali, kuna wazee pale hawaamini kitu mpaka wakione.